Doti moja kwa ajili ya pindo

Columbus, Ohio
9 Februari

Somo yangu,

Mimi huku sijambo, hofu ni kwako na kwa goti la bi mkubwa. Mwambie mafuta yake ya kuchua nimeyapata, yatakuja na mgeni wa kwanza.

Umenilalamikia kwamba wiki tatu simu yangu inaita tu. Wallahi hakuna ugomvi wala maradhi. Nilikuwa nahesabu pembetatu.

Unakikumbuka kile kikundi cha kushona cha maktabani? Tumeanzisha jambo ambalo wewe utalielewa upesi kuliko nilivyolielewa mimi. Ni upatu, ila badala ya pesa kinachozunguka ni nguo. Tuko sita. Kila mmoja kashona kipande cha katikati cha mfarishi wa viraka, wao wanauita kwilti, kakitia mfukoni. Kila mwezi mfuko unahamia kwa jirani yako wa kulia, naye anaongeza pindo pande zote nne kisha anaupitisha. Chako hukioni tena mpaka kimepita mikono mitano. Nilipoelezwa hivyo nilicheka peke yangu, maana hiyo si ndiyo kanga? Mji katikati, pindo pembeni. Tofauti ni kwamba hapa mji una mwenyewe na kila pindo lina mwenyewe wake.

Sharti la zamu ya kwanza: pindo liwe la vipande, na pembetatu zionekane.

Mfuko ulionifikia ni wa bibi mmoja aliyestaafu udereva wa basi la shule. Kashona nyota ya buluu yenye ncha nane juu ya kitambaa cheupe, nyota ya kupendeza hasa. Nikatia futi. Ukingo wa juu inchi 26. Wa chini 25. Nikipima katikati, juu ya nyota, 25½. Nikasimama nayo jikoni najiuliza nimfumulie au nimwache. Sasa wewe niambie, nani anamfumulia mtu mzima kazi yake?

Nikamwacha, na nikajua kitu ambacho miaka yote ya kushona magauni sikukijua. Pindo la mfarishi halipimwi ukingoni. Ukingo umeshavutwavutwa na mikono na pasi, ukiufuata huo mfarishi unafanya mawimbi na hautulii kitandani hata uukalie. Unapima katikati, unakata mapindo mawili yaliyo sawasawa kwa kipimo hicho, halafu ukingo ndio unaofuata: unakunja mara mbili, mara nne, unatia pini alama kwa alama, na ile ziada unaigawa kidogo kidogo mpaka imezwe. Vile vile unavyoingiza mkono wa gauni kwenye kwapa. Hapo ndipo nilipowazidi wenzangu.

Kwenye hesabu walinizidi wao. Inchi 25½ ukitoa robo inchi ya mshono kila upande zinabaki 25 za kuonekana. Pembetatu zangu nilizipanga kwenye vipande vya inchi 2. Gawa mwenyewe: 12 na nusu. Hiyo nusu nitaiweka wapi? Jirani yangu wa meza akanionyesha ujanja: kwanza zungusha utepe mwembamba wa kitambaa kitupu, upana wowote utakaokupa namba inayogawanyika. Nikakata utepe wa inchi 2, ukishashonwa unabaki inchi moja na nusu, kushoto na kulia ni inchi 3. Ikawa 28. Vipande 14 kila upande, 56 jumla, na vinne vya pembeni: 60.

Pembetatu zenyewe hazikatwi pembetatu, utaipenda hii. Unachukua mraba mmoja wa rangi iliyokolea na mmoja mweupe, kila mmoja inchi 3 kasoro thumuni. Unaviweka uso kwa uso, unapiga mstari wa penseli kutoka pembe hadi pembe, unashona robo inchi huku na robo inchi kule ya mstari, kisha unakata juu ya mstari wenyewe. Fungua: miraba miwili, kila mmoja nusu giza nusu mwanga. Ule mshazari unaovutika kama mpira unakuwa umeshafungwa na uzi kabla mkasi haujaufikia.

Ubaya ulikuja kwenye kuunga. Sisi tumefundishwa kuacha akiba kwenye mshono, mtu akinenepa gauni liachiwe. Huku akiba ni robo inchi, haipungui wala haizidi. Mkono wangu umezoea ukarimu, basi kila mshono ukala unene wa nyuzi mbili tatu zaidi. Si kitu, utasema. Zidisha kwa mishono 13: ukanda wangu wa kwanza ulikuwa mfupi kwa robo tatu ya inchi, na ncha zote za pembetatu zimekatika vichwa. Nikafumua wote. Wana kidude maalumu cha kufumulia, mimi nimetumia wembe, wakanitazama kama nimetoa panga. Siku ya pili nikabandika plasta juu ya bamba la cherehani, robo inchi kutoka sindano, kitambaa kikawa kinaegemea hapo. Ndipo vikatii.

Maktaba wana picha za mifarishi ya Gee's Bend, kijiji cha Alabama ambako wanawake weusi kwa vizazi wameshona kwa nguo kuukuu za kazi. Mwaka 2006 posta ya Marekani iliwatolea stempu. Mistari yao inapinda inapotaka, na hakuna anayeitilia futi. Nilizitazama sana, halafu nikarudi kwenye robo inchi yangu. Uhuru ule unatoka kwa mkono unaojua, wangu bado.

Limekwisha juzi usiku. Nilipolitandaza sakafuni nikaona kipande cha tatu kutoka pembe ya kushoto kimegeuka, mweupe wake unatazama nje wakati wenzake wanatazama nyota. Wembe ulikuwa pale pale. Nikaenda kulala. Bibi kaacha inchi yake moja, mimi nimeacha kipande changu kimoja, tumetoshana.

Sasa shida yangu. Mfuko wangu ukirudi, pindo la mwisho kabisa nashona mwenyewe, na sitaki kitambaa cha duka la huku. Nitafutie kanga ya pamba tupu, pindo lake jeusi na jekundu, pana. Doti moja inatosha: kila kanga ina mapindo mawili marefu, kama mita moja na nusu kila moja, kwa hiyo nne za pande nne. Iloweke kwanza usiku mzima na uifue mara mbili, nyekundu ile ikichuja juu ya mfarishi uliopita mikono mitano nitahama mji.

Na jina chagua wewe, ila lisiwe la kusuta. Nitalikata nilishonee mgongoni, na hawa akina mama lazima wataniuliza limeandikwa nini.

Ni mimi,
somo yako