Kuhusu Baraka na ile kampuni ya mikopo

Ndugu yangu Rajabu,

Salamu kutoka Nkuhungu. Sisi wazima, vumbi tu ndilo limetuzidi. Zabibu zako nimempa Mama Joy, anakuja huko na treni Jumamosi.

Nakuandikia kwa sababu ya Baraka. Unamjua, haachi kitu bila kukichokonoa. Alikuwa anamlipia shangazi rejesho kwenye tovuti ya ile kampuni ya mikopo, akaona namba ya mteja imekaa wazi kwenye anwani ya ukurasa. Akabadilisha tarakimu ya mwisho, nane ikawa tisa. Ukafunguka ukurasa wa mama mmoja wa Chamwino: jina, simu, deni, picha ya kitambulisho. Nywila haikuulizwa. Akafunga, akawaandikia siku ileile kwa adabu, hatua kwa hatua.

Jibu likaja la mashine: asante kwa kuwasiliana nasi. Kisha kimya. Akakumbushia, kimya. Alipokwenda ofisini, mwanasheria wao akamwambia ameingia kwenye mfumo bila ruhusa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhusu. Rajabu, nina hasira! Mtu anakugongea usiku akwambie mlango wako uko wazi, unamwita mwizi? Na hawajarekebisha. Jana nimejaribu kwa namba yangu na ya mke wangu, za kwetu wenyewe, bado inafunguka. Tapeli akizipata zile taarifa, atampigia yule mama, amtajie deni lake mpaka shilingi ya mwisho, kisha "ile pesa itume kwenye namba hii". Atakataaje?

Baraka sasa anataka kuanika kila kitu. Ananitajia Khalil Shreateh, yule Mpalestina aliyewaambia Facebook mwaka 2013 kwamba anaweza kuandika kwenye ukuta wa mtu asiye rafiki yake. Wakamjibu hiyo si kasoro. Akaandika kwenye ukuta wa Mark Zuckerberg mwenyewe, ndipo wakarekebisha, na zawadi wanayowapa wanaoripoti kasoro wakamnyima eti kavunja masharti. Watu wakamchangia zaidi ya dola 10,000. Sawa, lakini Baraka nani atamchangia? Hata Project Zero, timu ya Google inayotafuta kasoro za usalama na kuzipa kampuni siku 90 kabla ya kuzitangaza, wana Google nyuma yao. Huyu wetu ana laptopu ya mkopo. Namzuia, halafu namfikiria yule mama wa Chamwino, naona kama na mimi namficha hatari iliyomkabili.

Naona tupitie TZ-CERT, kile kitengo cha matukio ya usalama wa mtandao pale TCRA, mamlaka ya mawasiliano, au Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, maana sheria ya 2022 inaibana kampuni pia. Wewe unamjua mtu huko? Mushi bado anapokea simu? Barua iende kwa jina la Baraka au tumtafute wakili? Zile picha za skrini azifute, au ni ushahidi? Wamemwita tena ofisini Jumatatu. Aende peke yake kweli? Nijibu kabla ya hapo, tafadhali.

Wako,
Elia