Choo kikiwa safi, ini nalo litazamwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wenye dhamana ya afya, pamoja na wananchi wenzangu wa visiwani na mialoni (kwenye maegesho ya mitumbwi ya uvuvi), jambo ambalo kwa maoni yangu linagharimu maisha ya watu ambao wangeweza kuokolewa. Katika zahanati nyingi za Kanda ya Ziwa, mtu anayelalamikia tumbo hupimwa choo, na mayai ya minyoo ya kichocho yasipoonekana huambiwa hana tatizo na kurudishwa nyumbani, hata kama bandama yake imevimba kiasi cha kushikika kwa mkono chini ya mbavu za kushoto. Nimefanya kazi ya maabara mpaka nikastaafu, nami nasema kwa uhakika kwamba jibu la choo, hata likiwa sahihi kabisa, halielezi hali ya ini.

Watu wengi wakisikia kichocho hufikiria kukojoa damu. Kinachotusumbua zaidi sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria ni kichocho cha tumbo, ambacho minyoo yake huishi kwa miaka ndani ya mishipa midogo ya damu inayozunguka utumbo, dume na jike wakiwa wameshikamana, na jike akitaga mayai kila siku. Sehemu ya mayai hayo hupenya ukuta wa utumbo na kutoka na choo, yakiacha vidonda vidogo vinavyovuja damu. Mengine, yanayokaribia nusu, hayatoki: hukwama ukutani mwa utumbo au husombwa na damu hadi kwenye ini, ambako mwili huyazingira na hatimaye kuacha makovu. Miaka ikipita, makovu hayo hujipanga kando ya matawi ya mshipa mkuu unaopeleka damu ya utumbo kwenye ini na kuyabana. Daktari Symmers, aliyekuwa akifanya kazi Cairo, alilieleza ini la namna hiyo mwaka 1904, akasema ukilikata utadhani limechomekwa mirija myeupe ya viko vya udongo, na hadi leo madaktari huyaita makovu hayo kwa jina lake.

Namna tunavyopima choo ni nzuri kwa kazi yake. Katika kipimo cha Kato-Katz, kilichopata sura yake ya sasa huko Brazil mwaka 1972, choo huchujwa kwa wavu mwembamba, kikajazwa kwenye tundu la kibao linalochukua miligramu 41.7, kisha kikafunikwa kwa kipande cha selofani kilicholowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani. Baada ya muda choo hugeuka angavu, na chini ya hadubini yai la kichocho cha tumbo halijifichi: ni refu, lina rangi ya manjano iliyofifia, na ubavuni limetokeza mwiba mmoja mkubwa. Mpimaji huyahesabu yote, akazidisha kwa 24, akapata idadi ya mayai katika gramu moja. Kuanzia 100 maambukizi huhesabiwa kuwa ya kati, na kuanzia 400 huitwa mazito. Lakini choo kinachopimwa ni kidogo mno, mayai hayatoki kwa kiwango kile kile kila siku, na mwenye minyoo michache anaweza kupimwa leo pasionekane kitu. Zaidi ya hayo, na hapa ningeomba wahudumu wenzangu wasome kwa utulivu, mtu aliyeugua kwa miaka mingi, ambaye minyoo yake imezeeka au imekwisha kuuawa na prazikwanteli, dawa ya kichocho, huweza kutoa mayai machache sana au asitoe kabisa, ilhali makovu ya ini yamekwisha kukomaa. Kipimo cha mkojo ambacho siku hizi hutumika kutafuta chembechembe zinazotolewa na minyoo iliyo hai ni msaada mkubwa, kwa kuwa hugundua maambukizi mengi ambayo hadubini huyakosa, ila nacho huishia kwenye swali la iwapo minyoo ipo.

Vipimo vya kawaida vya kazi ya ini pia huweza kumpotosha daktari. Kichocho hubana mishipa na kuziacha chembe za ini zenyewe zikiendelea kufanya kazi kwa muda mrefu, kwa hiyo vimeng'enya vya ini vinaweza kusomeka vizuri kwa mgonjwa ambaye mishipa ya umio wake, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, imevimba na iko karibu kupasuka. Mvuvi mmoja wa dagaa hapa kwetu alikuwa akitunza majibu yake ndani ya mfuko wa plastiki, karatasi juu ya karatasi, yote yakisema hakuna mayai yaliyoonekana. Alipotapika damu nyingi alfajiri akiwa mwaloni, ndugu zake walidhani amerogwa. Alipofikishwa hospitali na kupigwa ultrasaundi, yaani picha ya mawimbi ya sauti, ndipo familia ilipooneshwa kwenye kioo kuta nene na nyeupe za mishipa ndani ya ini na bandama iliyokua kupita kiasi. Yeye alipona, ila ni kwa sababu gari lilipatikana mapema. Tafiti zilizochapishwa kutoka Hospitali ya Kanda ya Bugando, jijini Mwanza, zimeonesha kuwa kupasuka kwa mishipa ya umio ni chanzo kikubwa cha kutapika damu miongoni mwa wagonjwa wanaopokelewa pale.

Kwa hiyo kipimo kinachostahili kupewa uzito huku kwetu ni ultrasaundi. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutoa mwongozo maalumu wa kuitumia kupima madhara ya kichocho, unaojulikana kama itifaki ya Niamey, nao humwelekeza mpimaji alinganishe picha za ini anazoziona na picha za mfano, apime upana wa mshipa mkuu wa ini na ukubwa wa bandama, na aangalie kama tumbo lina maji. Mashine za kubebeka zinazotumia betri zipo, na tabibu aliyefundishwa vizuri anaweza kuzitumia kisiwani. Mahali ambapo mashine haijafika, mkono wa tabibu unaotafuta bandama na hesabu ya chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) katika picha kamili ya damu vinaweza kuamua nani apelekwe mbele, kwa sababu bandama iliyovimba huzizuia chembe hizo na idadi yake kwenye damu huweza kushuka chini ya 150,000 kwa kila mikrolita.

Hapo hapo mgonjwa apimwe homa ya ini aina ya B, kwani mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na maambukizi sugu ya kirusi hicho, na asilimia 13 tu ndio waliokuwa wamegunduliwa. Kipimo cha haraka kinahitaji tone la damu. Kikiwa chanya, mtu asiishie kupewa karatasi na ushauri wa kuacha mafuta, kama ninavyosikia mara kwa mara; arudiwe baada ya miezi 6 kuthibitisha kama maambukizi ni sugu, na ini lipimwe kuona kama anahitaji dawa. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2024 umerahisisha uamuzi huo, kwa kuwa kimeng'enya kimoja cha ini na hesabu ya chembe sahani vinatosha kukokotoa kiwango cha kuanzia tiba.

Kuhusu utumbo nitasema machache. Choo chenye damu hutibiwa kama amiba bila kupimwa, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Naomba damu ikiendelea baada ya tiba, hasa kwa mtu aliyevuka miaka 40, achunguzwe njia ya haja kubwa kwa kidole, kisha apelekwe kwenye kipimo cha kamera ya utumbo, maana saratani ya utumbo mpana huanza hivyo hivyo, na si kila damu ni bawasiri.

Siwalaumu walioko zahanati, wanaofanya kazi kwa hadubini moja na foleni ndefu. Ninachoiomba Wizara ya Afya na halmashauri zetu ni utaratibu ulioandikwa: bandama inayoshikika, choo cheusi kinachonata, tumbo kujaa maji au historia ya kutapika damu, hata kimoja tu kati ya hivyo, kimpe mgonjwa rufaa ya ultrasaundi bila kujali choo kimesemaje. Wenye mishipa ya umio iliyovimba wafanyiwe endoskopi, yaani kipimo cha kamera inayopitishwa mdomoni, kabla ya kutokwa damu, wafungwe mishipa hiyo kwa vipete vidogo vya mpira au waanzishiwe propranololi, dawa ya presha iliyozoeleka na isiyo ghali. Na kwenye fomu ya rufaa yaandikwe maelezo kwamba mgonjwa afike akiwa hajala, kwa sababu wako wanaopanda meli ya asubuhi kutoka Nansio baada ya kunywa chai na maandazi, wakifika Mwanza huambiwa warudi kesho, na wasio na ndugu wa kuwalaza mjini hurejea kisiwani jioni hiyo hiyo bila kupimwa.

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Ukerewe, Mwanza