Shukrani kwa mzee wa Namboole

Mzee wangu uliyeketi kando yangu uwanjani Namboole usiku wa tarehe 23 Agosti 2025, sikukuuliza jina, kwa hiyo nakushukuru hapa hadharani. Senegal walipotutoa sisi Uganda kwa 1–0 katika robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, nami nikajiinamia nikilia, uliiokota bendera yangu iliyokanyagwa, ukaipangusa vumbi kwa kiganja, ukaikunja taratibu na kunikabidhi, kisha ukanikumbusha kwamba Cranes, timu yetu ya taifa, kabla ya mwaka huo hawakuwa wamewahi kuvuka makundi ya mashindano hayo, na kwamba siku tano tu kabla ya hapo walitoka nyuma 3–1 wakasawazisha 3–3 na Afrika Kusini. Huzuni ilikuwa imenisahaulisha. Ukanisindikiza hadi steji ya bodaboda. Shikamoo, mzee, bendera ninayo.