Kadi ya grafiki kwa monita mbili: angalia haya kabla hujanunua

Mteja akitueleza kwamba anataka kadi ya grafiki ili atumie monita mbili, kwanza tunamwomba picha ya upande wa nyuma wa kompyuta yake. Mara nyingi matundu anayohitaji tayari yapo. Kompyuta nyingi za ofisini zina HDMI na DisplayPort, matundu ya kebo za monita, kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), na grafiki iliyo ndani ya prosesa inamudu vizuri skrini mbili za mahesabu, barua pepe na intaneti. Huyo hatumuuzii kadi, anahitaji kebo tu. Ila kama prosesa ni ya Intel na namba yake inaishia na herufi F, haina grafiki ndani, kwa hiyo kadi ni lazima.

Kifaa cha kugawa HDMI moja kwenda monita mbili hakisaidii hapa. Kitakuonyesha picha ileile kwenye skrini zote mbili.

Ikibainika kwamba kadi inahitajika kweli, anza na nafasi na umeme, nguvu ya kadi ije baadaye. Kasha jembamba linataka kadi yenye kimo kifupi na bamba fupi la chuma; ile ya kawaida haitaingia. Sloti ya PCI Express x16, yaani nafasi ndefu ya madabodi inayochomekwa kadi, inaipa kadi umeme usiozidi wati 75. Kadi kubwa huhitaji pia waya kutoka pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta): wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 wati 150. Pawa saplai nyingi za kompyuta za ofisini hazina waya huo kabisa. Ndiyo maana kwa kazi za kawaida tunashauri kadi ndogo isiyodai waya wa ziada. Haina joto kali, haina kelele, na hutalazimika kubadilisha pawa saplai.

Linganisha pia matundu ya kadi na ya monita zako. Kebo ya kutoka DisplayPort ya kadi hadi HDMI ya monita kwa kawaida hufanya kazi, lakini ukiigeuza, HDMI ya kadi kwenda DisplayPort ya monita, haitatoa picha. Monita ya zamani yenye VGA (tundu la analogi) peke yake inataka kigeuzi chenye saketi ndani, kwa sababu kadi za sasa hutoa mawimbi ya dijitali tu. Na kama monita ni ya 4K, HDMI 1.4 itaishia picha 30 kwa sekunde, utaona hata mshale wa mausi unakwama-kwama. Tafuta HDMI 2.0, inayofika 60.

Kufunga hakuchukui muda. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke mwilini. Sukuma kadi kwenye sloti mpaka kishikio kijifunge, kisha kaza skrubu.

Sasa chomeka monita zote mbili kwenye kadi yenyewe. Tunapigiwa simu nyingi kuhusu kadi mpya “mbovu”, kumbe kebo imebaki kwenye madabodi, na kompyuta nyingi huzima grafiki ya ndani zinapoiona kadi.

Pakua draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi) kutoka tovuti ya Nvidia, AMD au Intel, kulingana na kadi. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Extend. Mshale ukitokea upande usio wake, ingia kwenye mipangilio ya skrini uzivute namba 1 na 2 zikae kama monita zilivyo mezani.