Harambee ya Paa: Ahadi Tunazo, Hela Hatuna

Wapendwa, Bwana asifiwe sana.

Tunaandika tena na kusema ukweli tunaona aibu, maana hili jengo la kanisa mlilinunua nyinyi wenyewe kwa harambee ile ya kwanza na hatujasahau, ila paa la chumba cha nyuma limefika pabaya jamani. Mvua ya juzi imeshuka moja kwa moja kwenye kabati la vitabu, kamusi ya Kiebrania ya lile darasa la Jumatano imevimba hadi haifungiki, kurasa za mwanzo zimegandana kabisa, na watoto wa sandei skuli wanasoma na makoti huku wanaruka mabeseni.

Sasa kwa sisi tunaokaa huku Luton, Uingereza, hapo kijiji cha Higham Gobion ni karibu tu kwa gari, na ndiko alikofia 1686 mchungaji mmoja wa Kianglikana anaitwa Edmund Castell. Huyu mzee alikuwa amesaidia ile Biblia ya lugha nyingi iliyotoka London 1657 chini ya Brian Walton, halafu akaona watu watahitaji kamusi ya kuisomea. Akakaa miaka 18 anaiandika, Kiebrania, Kikaldayo (yaani Kiaramu), Kisiria, Kisamaria, Kihabeshi cha kale, Kiarabu na Kiajemi juu yake, mwenyewe anasema siku asiyofikisha masaa 16 au 18 ya kazi aliiona kama likizo. Wasaidizi aliwalipa mfukoni mwake! Zikaenda kama pauni 12,000 za enzi hizo, yaani mali yake yote.

Na sio kwamba hakuitisha mchango. Mpaka mfalme Charles II aliandika barua kumwombea, lakini kilichopatikana kilikuwa kidogo mno, mnatujua tunavyokuwa kwenye ahadi. Moto wa London wa 1666 ukamchomea sehemu ya vitabu, 1667 akawekwa jela kwa madeni, na hapo tayari ni profesa wa Kiarabu Cambridge. Kamusi ikatoka 1669, mijalada miwili mikubwa, wanunuzi wakawa wachache, macho yake yashachoka. Nakala zilizobaki zikawekwa kwenye nyumba moja huko Surrey zikaliwa na panya.

Hata hivyo maandishi ya mkono ya lugha za Mashariki aliyokuwa nayo aliyaachia Chuo Kikuu cha Cambridge. Mtu aliyeangushwa hivyo bado anatoa, na sisi tunaogopa kutoa ishirini?

Tunajua kuna wenye shifti mbili na wanaotuma hela nyumbani kila mwezi, hao tunawaelewa kabisa na wasijisikie vibaya. Tunaongea na wale wa "nimeweka jina langu" kwenye grupu tangu Pasaka. Fundi ametaka pauni 3,200, tuliyonayo haifiki nusu, na amesema hapandi juu bila kianzio. Akina mama wametangulia kama kawaida yao, wazee wa kanisa bado tunawasubiri kwa heshima zote.

Kila senti itaandikwa, risiti zitabandikwa ubaoni na hesabu itasomwa mbele ya wote. Jumapili baada ya ibada mweka hazina atakaa pale mlangoni na daftari la ahadi, kashi anapokea na kadi pia anapokea, chai na mandazi vipo.