Makundi ya siku ya saketi: soma kabla ya kujaza fomu

Habari zenu wote. Siku ya saketi, yaani siku ya kuendesha pikipiki zetu kwenye uwanja wa mbio, ina makundi matatu: wanaoanza, wa kati na wenye kasi. Tafadhali msijipange kwa ukubwa wa injini! Mwenye cc 1000 humwacha wa cc 300 kwenye sehemu iliyonyooka, kisha anashika breki mapema mno na kumzibia njia kwenye kona. Hapo ndipo watu hugongana. Tunaangalia muda wako wa kumaliza mzunguko mmoja wa saketi, na kama unapita mstari uleule kwenye njia kila mzunguko. Hujawahi kupimwa muda? Anza chini, tutakutazama kipindi cha kwanza na kukupandisha. Kushushwa pia kupo, msininunie. Kwa wanaoanza, kumpita mwenzako upande wa ndani wa kona ni marufuku.