Malalamiko: Hausingi 24 Zilizogeuzwa Vibaya Kwenye Mashini

Meneja wa Uzalishaji,
Eneo la Viwandani,
Nairobi.

KUH: HAUSINGI ZA ALUMINIAMU ZISIZOPITISHA SHAFTI

Bwana Meneja,

Pokea salamu. Naandika kwa heshima, ingawa heshima yenyewe mliimaliza Jumanne pale kaunta, fundi wenu mkuu alipoigonga shafti yangu kwa nyundo ya chuma mbele ya wateja, akidai imepinda.

Shafti haijapinda. Kosa ni jinsi mlivyogeuza hausingi 24 (makasha ya kubebea beringi na shafti) mlizonichongea. Mchoro ulitaka viti viwili vya beringi ya saizi ya 6204, kimoja kila upande: kipenyo mm 47 kwa usahihi wa H7, kina mm 14, na vituo vyake visiachane zaidi ya mm 0.02. Upande wa kwanza mlipima kituo mm 40 kutoka taya isiyosogea ya vaisi. Sawa. Kisha mkapindua kipande mbele-nyuma, uso uliokuwa kwenye taya hiyo ukahamia taya inayosogea, na programu ya CNC (mashini inayoongozwa na kompyuta) ikapima mm 40 zilezile kutoka uso mwingine. Hesabu hiyo inakubali tu ikiwa upana ni mm 80 kamili. Pande hizo hazikuchongwa! Nimepima kwa maikromita: kuna vipande vya 79.70, kuna vya 79.85. Cha 79.70 viti vimeachana mm 0.30, cha 79.85, mm 0.15. Kiasi kilichopungua kwenye upana ndicho kilekile viti vilichoachana.

Mngepindua kichwa kwa mkia, uso uleule ungebaki kwenye taya isiyosogea, na kizuizi cha pembeni mwa vaisi kingehamishwa upande wa pili kiguse ncha ileile. Au, bora zaidi, mngefunga dayo geji (saa ya kupimia) kwenye spindeli, mhimili wa mashini unaozunguka, na kuizungusha ndani ya tundu la mm 38 lililochongwa pamoja na kiti cha kwanza, kituo hicho ndicho kiwe sifuri ya G55, yaani mahali programu inapoanzia kupima upande wa pili. Ni dakika chache kwa kipande. Fundi wa jua kali kule Kamukunji, asiye na kompyuta, hutia alama uso mmoja kabla ya kugeuza chochote.

Hausingi tatu zina la ziada: uso wa chini umeinama mm 0.1. Huo ni unyuzi wa aluminiamu uliosahauliwa juu ya paraleli (vyuma vinavyobeba kipande ndani ya vaisi), au ukingo ambao haukupigwa faili kabla ya kufungwa tena.

Narudi kwenye kisa cha Jumanne. Fundi huyo alipiga mara tatu. Kipande kilikuwa kimelazwa juu ya meza ya chuma, beringi zikiwa ndani, na nguvu yote ya nyundo ikapitia kwenye golori za beringi. Beringi hiyo sasa inakwaruza ukiizungusha kwa kidole. Nilikuwa nimemwomba apime kwanza. Akanijibu, "Mzee, CNC haikosei," na watu wakacheka. Na invoisi mliyonitumia Ijumaa iliyotangulia imeandikwa "zimekaguliwa". Zilikaguliwa na nani, kwa kifaa gani?

Nilikusudia kuomba mzichonge upya tu: 52 H7, kina mm 15, za beringi ya 6304, pande zote kutoka kituo kimoja. Nyama ya aluminiamu iliyopo inatosha kumeza hizo mm 0.30, na beringi mpya 48 zingekuwa juu yenu. Lakini nikiikumbuka nyundo ile, sitaki kipande changu kirudi mikononi mwa fundi huyo. Nirudishieni malipo yote, bei ya aluminiamu na bei ya beringi zote 48. Naye aniombe radhi kwa maandishi, na kaunta nayo isomewe.

Nawapa siku saba. Zikipita, tutaonana Milimani, Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Langu halifiki huko, lakini nitalifuata hadi senti ya mwisho.

Hausingi zote 24 ninazo, kila moja imeandikwa upana wake kwa kalamu. Njooni na maikromita yenu. Nyundo iacheni.

Aliyekuwa mteja wenu.